Miguu ya Kapita

Shimo kwenye mchanga wa ziwa lilikuwa limefika magotini wakati Apollinarie alipoingia ndani yake, ufagio mkononi, akasimama. Mfungwa aliyekuwa akichimba alibaki na jembe juu. Alimtazama mwenzake, kisha akamtazama kapita, msimamizi wao.

"Weye, toka mu shimo," alisema Gaspard, kapita.

"Sitoki, shemeji."

"Iko kazi ya Leta hapa, ya serikali."

"Na yangu iko kazi."

Apollinarie hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kanisani midomo yake ilitembea tu, wengine wakaimba. Sokoni wateja waliomzoea walijipimia samaki wenyewe kisha wakamwonyesha. Hata leo sauti ilitoka ndogo, lakini miguu yake ilikuwa imezama mchangani hadi vifundoni.

"Mama Claire!" Pélagie, jirani yake, aliita kutoka kwenye matete. Wanawake wengine walikuwa wamejificha humo, vitambaa vyao vya kichwa vikionekana kama maua. "Mama Claire, watakufunga!"

"Wanifunge hapahapa," alijibu Apollinarie. "Kamba walete wenyewe."

Siku za giza, mwezi unapokuwa umekufa, alishuka kutoka kijijini Songo alfajiri kupokea mitumbwi. Ndagala, samaki wadogo wa ziwa, zilifika bado zinang'aa. Alizimwaga mchangani, akazitandaza moja moja ili hata moja isilale juu ya nyingine. Saa sita alizigeuza kwa ufagio wa matete. Alifukuza mwewe. Jioni zilikuwa nyepesi, zikilia kama majani makavu alipozikusanya kikapuni. Hivyo ndivyo alivyolea watoto watatu tangu maji yalipomchukua mume wake.

Kila mwanamke alikuwa na mahali pake, na kila mahali palikuwa na mawe manne kwenye pembe. Mama mkwe alimpa mke wa mtoto wake mahali pake, naye angempa wa kwake. Na hakuna aliyevuka ndani ya mawe kwa miguu bila kuwa na kazi humo, hata pakiwa patupu, kwa sababu hapo chakula hulala. Mtoto aliyeruka alipigwa kofi na mama yeyote aliyekuwa karibu.

Lakini mwezi ukiwa mkubwa ndagala hazifuati taa. Mitumbwi hulala, wanawake hupanda mashambani, upepo hufunika mawe mpaka vinabaki vichwa tu. Ni siku za namna hiyo, miezi miwili iliyopita, Mzungu wa kupima nchi alipokuja na chombo chake cha miguu mitatu. Aliona mchanga mpana usio na nyumba wala mtu. Akamuuliza Gaspard kama kuna anayekaa hapa.

"Hapana, Bwana," alisema Gaspard. Na ilikuwa kweli. Hakuna anayekaa mchangani.

Mzungu aliandika kwenye karte, ramani yake, kwamba mahali hapa ni patupu. Ikatosha. Juu ya neno hilo pangejengwa hangari, ghala la pamba kutoka bonde la Ruzizi, na leo nguzo za simenti zilikuwa zimeletwa kuonyesha mipaka yake. Mwezi ulikuwa mkubwa tena. Hakukuwa na hata samaki mmoja wa kumwonyesha mtu.

"Shemeji," Gaspard alisema, sasa kwa sauti ya chini, "uko unaniharibia. Administratera ataniuliza kama minye nashindwa na mwanamke."

"Mwambie ndiyo."

Kwenye matete mtu alicheka, akajiziba mdomo.

"Kapita!" Sauti ilitoka barabarani, ambako administratera, Mzungu aliyetawala wilaya, alikuwa ameketi chini ya mwavuli, karte juu ya meza ya kukunja. "Kapita! Mbona hawachimbi?"

Gaspard alishika kofia yake akaondoka mbio. Apollinarie alimfuata kwa macho. Alikwenda kushoto, akanyooka kidogo, akakata kulia, akarudi kushoto, kama mtu anayekwepa madimbwi. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelaza mchanga, na kila alama ya kiatu chake ilibaki imechorwa wazi.

Apollinarie alitazama alama zile. Akazihesabu moja moja, kutoka jiwe hadi jiwe.

Administratera alikuja mwenyewe. Alikuja moja kwa moja, hatua ndefu, na kiatu chake kilikanyaga katikati ya mahali pa Pélagie, kisha pa mwingine, kisha pa mwingine. Gaspard alikuwa nyuma yake akizunguka tena, kushoto, kulia, akipumua kwa nguvu ili asiachwe.

"Huyu mwanamke anataka nini?"

"Bwana, ni mjane wa mdogo wangu. Kichwa yake..."

"Kichwa yangu iko muzima," alisema Apollinarie. Aliinua ufagio akaonyesha barabarani. "Bwana, geuka nyuma. Angalia mchanga."

"Niangalie nini?"

"Angalia weye ulipita wapi. Halafu angalia kapita alipita wapi."

Administratera aligeuka, labda kwa sababu hakuwa amezoea kuambiwa. Njia moja ilikuwa imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Ya pili ilijipinda na kujikunja kuanzia barabarani mpaka shimoni, na hapa ilipofika ilikoma nje, hatua mbili kutoka kwenye udongo uliochimbwa.

"Kapita, umelewa?"

"Hapana, Bwana."

"Kwa nini unatembea hivi?"

Gaspard alivua kofia, akaivaa tena.

"Kapita yetu anacheza ngoma!" Pélagie alipiga kelele, na safari hii hakujificha. Alitoka mateteni mzima, mikono kiunoni. "Ngoma ya mama yake!"

"Ingia hapa, shemeji," Apollinarie alisema. "Kama ni patupu, ingia. Kanyaga. Mama yako alikausha hapa miaka yote ile, weye ulikula hapa ukaota meno hapa. Kanyaga Bwana aone."

Wafungwa walikuwa wameweka majembe chini. Gaspard alitazama jiwe lililokuwa mbele ya kiatu chake. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Aliinua mguu kidogo sana, akaurudisha palepale.

"Siwezi, Bwana," alisema.

Administratera aliinama, akafuta mchanga kwa vidole, jiwe likatokea. Akatazama mbele, akaona kichwa cha lingine, na kingine, safu kwa safu mpaka kwenye maji.

"Na samaki wako wapi?"

"Wako mu ziwa," Apollinarie alisema. "Rudi mwezi ikishakufa. Utakosa pa kuweka kiatu."

Administratera alijifuta vidole kwenye suruali. "Nguzo zibaki chini," alimwambia Gaspard. "Nitaandikia wakubwa Bukavu. Sisemi kitu kingine." Kisha akamtazama Apollinarie. "Na wewe, toka kwenye shimo."

"Likijaa nitatoka."

Administratera aligeuka kurudi kwenye meza yake, hatua ndefu zilezile. Kwenye matete wanawake walisimama mmoja mmoja. Kiatu kilifika kwenye jiwe la kwanza la Pélagie, kikabaki hewani kidogo, kisha kikakanyaga pembeni.

Apollinarie aliinama na kuanza kurudisha mchanga kwa ufagio, taratibu, kuzunguka miguu yake mwenyewe.