Hereni ya Ng'ombe wa Bujora

Mama Kashindye, jirani yetu, anasema watu wa chuo kikuu ndio waliomharibia dada yangu Modesta mimba. Anasema aliona kwa macho yake. Walikuja na gari jeupe, wakawafunga ng'ombe wetu kamba, wakawatoa damu shingoni, na Modesta, aliyekuwa amekuja kutusalimia, akasimama karibu mno. Kijana mmoja wa chuo akamtazama tumboni. Akamtazama tena. "Aliporudia kumtazama, Limi mwanangu, nikajua hapa hakuna mtoto tena." Tangu magari yaanze kupita juu ya daraja jipya badala ya kivuko, na biashara yake ya samaki wa kukaanga pale kivukoni Kigongo ikafa, mama Kashindye ana muda mwingi wa kukumbuka mambo, na kila akikumbuka anaongeza kidogo.

Mimi siku hiyo nilikuwepo, nilikuwa nimemshika ndama. Hakuna aliyemtazama Modesta tumboni, kwa sababu Modesta hakuja kabisa, alikuwa kwa mumewe Bujora. Hilo la damu ya ng'ombe ndilo la kweli.

Huyo kijana wa chuo anaitwa Nestory. Alimwamkia baba shikamoo hata kabla hajashuka vizuri garini. Akatueleza kazi yao, kwamba wanafuatilia magonjwa yanayotoka kwa mnyama kuingia kwa mtu, ili siku likija kubwa lisitukute tumelala. Baba yangu, mzee Machibya, anapenda utani. Akamuuliza kama hilo kubwa litashukia hapa Usagara au litapitiliza mpaka stendi ya Mwanza mjini. Watu wakacheka, Nestory naye akacheka. Kisha akasema, "Mzee, linaweza kuanzia hapa hapa zizini kwako." Hapo baba hakucheka.

Kila ng'ombe aliyetolewa damu alivalishwa hereni sikioni, plastiki ya njano yenye namba. Nestory akaomba jambo moja tu: ng'ombe mwenye hereni asihamishwe mpaka majibu yarudi.

Asiyefuga hawezi kuona ugumu wa ombi hilo. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Wengine anawakabidhi jamaa wa mbali awatunze na anywe maziwa, ili ugonjwa au wezi wakipita huku, kule wabaki wazima. Na hao wa mbali hawatajwi. Kumuuliza mzee wa Kisukuma ana ng'ombe wangapi ni kama kumwambia avue shati mbele za watu. Kwa hiyo yalipoanza maneno kwamba wenye hereni watakuja kuchukuliwa, baba alifanya kile ambacho baba yake angefanya. Alimchagua ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe, ambaye alikuwa anakamuliwa na tayari ana mimba nyingine. Akaikata ile hereni, akampeleka Bujora kwa Paulo, mume wa Modesta. "Mwanangu ni mjamzito," alituambia. "Acha anywe maziwa." Alisema hivyo kwa furaha, na mimi nilimwona ni baba mwema. Hata leo siwezi kusema hakuwa.

Majibu yaliporudi, baba alikuwa peke yake nyumbani. Nestory alimwambia ng'ombe wote wako salama isipokuwa mmoja, yule mwekundu, ana brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Alimwambia ng'ombe wa namna hiyo anaweza kuwa amenona kabisa, lakini maziwa yake yakinywewa bila kuchemshwa, mtu anapata homa isiyokwisha, na mwenye mimba anaweza kupoteza mtoto. Sasa yuko wapi?

"Alikufa," baba akajibu.

Nestory akampa pole, akaondoka. Baba alidhani ni ujanja wa kumfanya ataje walikofichwa wengine. Ng'ombe mnene vile, ugonjwa utakaa wapi?

Kule Bujora yule ng'ombe akatupa ndama. Modesta na Paulo walimvuta kwa mikono mitupu. Baadaye Modesta akapata homa, akameza dawa za malaria, homa ikarudi, na mimba ikatoka. Akashika nyingine, nayo ikatoka. Mwezi uliopita alikuja nyumbani na begi moja. Mama mkwe wake alimwambia, "Nenda ukapumzike kwenu, mama." Modesta alijua maana yake, kwa sababu tayari Paulo alikuwa anatafutiwa binti mwingine huko Kisesa.

Juzi Nestory akaja tena, kutoa damu ya awamu nyingine. Baba alifurahi kumwona. "Daktari! Leo umekuja kuninyonya mimi au ng'ombe?" Akanirushia funguo nikamtolee mgeni kiti stoo.

Baba hatupi kitu. Ile hereni ya njano alikuwa ameifunga kwenye funguo za stoo ili zisipotee. Nilikuwa naiona kila siku, na kwangu ilikuwa plastiki tu. Nilipopita mbele ya Nestory akaniambia, "Hebu, dada." Akaishika, akaisoma namba, kisha akafungua simu yake akatazama.

"Mzee, huyu si ndiye yule aliyekufa?"

"Ndiye."

"Na alipokufa ukamkata hereni kwa kisu?"

Baba akatazama zizini. Modesta alikuwa mlangoni pa jiko anachambua dagaa, mikono yake ikasimama.

"Yuko Bujora," baba akasema.

"Nani anakunywa maziwa yake?"

Modesta ndiye aliyejibu. "Ni mimi. Nilikuwa nayagandisha kwenye kibuyu. Mama mkwe hataki ya kuchemsha, anasema yanakuwa maji." Kisha akauliza polepole, "Kwani ng'ombe ana nini?"

Nestory alimwambia yote, pamoja na majibu aliyomletea baba siku ile. Alisema hawezi kuwa na hakika mpaka apimwe, lakini ugonjwa huo una dawa, na mimba nyingine inaweza kukaa. Hakumgombeza baba. Alisema tu, kama anaongea na viatu vyake, "Sisi tuliuliza mna ng'ombe wangapi. Hatukuuliza wanalala kwa nani."

"Si nilisema!" mama Kashindye akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa. "Si nilisema ni wao!"

"Mama Kashindye, nenda ukapike," nikamwambia.

"Nipike nini, na samaki hawanunuliki?"

Hakuna aliyecheka. Nestory akasema gari lipo, kesho anaweza kwenda Bujora kumpima ng'ombe na watu wote wa nyumba ile. Ila akienda peke yake watamfukuza, maana maneno ya mama Kashindye yameshafika huko. Inatakiwa mtu wa hapa atangulie kusema.

Modesta akauweka chini ungo wa dagaa. Akaja akapiga magoti mbele ya baba, kama siku ile alipokuwa anaagwa kwenda kuolewa.

"Baba, nenda wewe. Mimi nikisema, watasema nimetafuta cha kusingizia. Mzee Masalu ni baba mkwe wangu, lakini kwako ni rafiki. Mwambie ng'ombe alitoka kwako akiwa na ugonjwa, na kwamba uliambiwa."

Baba alichukua funguo mkononi mwangu, akaanza kuhangaika na ule uzi ulioshika hereni. Aliufunga mwenyewe, na anafunga vizuri. Kiti nilikuwa nimeshakitoa, na hakuna aliyekikalia. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka kunywa maji ziwani, tukawasikia kengele kabla ya kuwaona. Baba akageuza uso kuwatazama, midomo ikitembea bila sauti, anawahesabu kama kawaida yake.

"Baba," Modesta akasema, "utakwenda?"