Jina la Kalpau Juu ya Sauti ya Kalsong

Leitau aliingia bila hodi, panga la shambani mkononi, udongo umemkaukia magotini. Zilibaki siku mbili kabla ya karamu ya siku mia tangu kifo cha mumewe, Kalsong. Kalpau, mdogo wa marehemu, alikuwa mbele ya kompyuta yake, ndevu za msiba, zisizonyolewa hadi siku ya karamu hiyo, zimemjaa hadi shingoni.

"Zima hiyo takataka."

"Karibu, shemeji. Kaa kwanza."

"Sijaja kukaa. Nimepita sokoni, nikamkuta mume wangu anaimba kwenye basi la watu kwa sauti ya kuku aliyekanyagwa. Ngoma dum dum dum, na wewe unamrukia kila ubeti: 'Kalpau wa Freswota! Kalpau wa Freswota!' Msiba haujaisha, watu wanatikisa makalio. Nani kakutuma?"

Kalpau alijikuna kidevu. Miaka saba alikuwa akitengeneza rimiksi palepale sebuleni kwake, mtaa wa Freswota: anachukua nyimbo za zamani za bendi za gitaa na yukulele, anaziongezea ngoma na kasi, anapiga kelele jina lake juu ya kila wimbo. Watengeneza rimiksi wote wa mji wa Port Vila walifanya hivyo. Wimbo usio na jina la mtengenezaji uliibwa kabla laplap, chakula cha viazi vikuu na tui, haijaiva jikoni.

"Nimemheshimu, shemeji. Kaka alikuwa kasahaulika. Sasa mji mzima..."

"Mji mzima unakujua wewe. Nipe kaseti yangu."

Kalpau akageukia kompyuta. Kaseti ilikuwa moja tu duniani, Kalsong akiimba na bendi yake siku ya Krismasi, kijana bado, sauti nyembamba ya juu. Leitau alimpa aihamishie kwenye flashi ili ipigwe kwenye karamu.

"Mashine iliitafuna," alisema. "Lakini nilikuwa nimeshauingiza wimbo humu. Upo mzima."

"Umeharibu kaseti yangu ukanyamaza?"

"Wimbo upo, nimekwambia!"

"Uweke. Bila ngoma. Bila wewe."

Alizima ngoma, akazima besi, akarudisha mwendo wa awali. Yukulele zikabaki, kisha Kalsong akaanza kuimba. Leitau akaweka panga chini.

"Kalpau wa Freswota!" spika ikapiga kelele juu ya wimbo.

Kalpau alibonyeza haraka, akafungua faili jingine, na jingine. Siku ile ya kwanza, kwa pupa, alikuwa amerekodi jina lake juu ya wimbo wenyewe na kuuhifadhi palepale, asiweke nakala. Jina lilikuwa limeingia kwenye sauti ya kaka yake kama tui kwenye laplap, hulikamui tena.

"Litoe."

"Halitoki."

"Likate."

"Nikilikata, namkata na yeye."

"Kwani hujamkata?" Leitau aliokota panga lake. "Kata. Na uje nao mwenyewe, mbele ya watu."

Hakumwita shemeji tena.

Kesho yake Kalpau alishinda kwenye kiti. Alikata mahali panne.

Siku ya karamu, watu walipokwisha kula, wimbo ukapigwa. Kalsong aliimba, akakatika. Kimya. Akaimba tena, akakatika. Pengo la kwanza watu walidhani spika ni mbovu. La pili walimgeukia Kalpau. La tatu na la nne hakuna aliyeitazama spika.

Kisha mjomba wa marehemu na Kalpau akatoa wembe wa kumaliza msiba. Wanaume wa ukoo walikaa kwenye benchi, akawanyoa ndevu mmoja mmoja, Leitau akishika beseni la maji. Waliokwisha kunyolewa walipapasa mashavu yao na kucheka. Kalpau alikuwa wa mwisho. Akainua kidevu.

Leitau akayamwaga maji chini, miguuni pa Kalpau.

"Huyu bado. Hajamaliza kumzika kaka yake."

Mjomba alitazama tope, akamtazama Kalpau. "Umesikia," alisema, akaukunja wembe.