Waya Mweusi

Vilima vile vyote vilijua visa vya trekta la Thongsuk. Lilikuwa dogo, rangi ya chungwa iliyopauka, nyuzi nyeupe za baraka zimefungwa kwenye usukani, breki zilikufa zamani. Kwa sababu ya breki, Thongsuk aliliegesha na gia ndani lisije likateremka mlimani. Na kwa kuwa ukizungusha ufunguo stata, mota ya kuamshia injini, ilisema "tak" tu na kunyamaza, aliliwasha kwa bisibisi, amesimama chini mbele ya tairi kubwa la nyuma, akigusanisha vichwa viwili vya stata. Mkewe Prayong alisema mpaka mdomo ukamchoka: ipo siku utasahau kutoa gia.

"Na ipo siku utanyamaza," alijibu Thongsuk, akacheka. Mkaidi yule alikuwa na kicheko kizuri, hilo halipingiki.

Siku yenyewe ilikuwa ya kuvunja mahindi. Prayong alikuwa katikati ya shamba aliposikia injini ikinguruma, kisha kishindo, kisha kimya. Alitupa kapu, akakimbia. Trekta lilikuwa limejigonga kwenye kisiki, pua imeelekea bondeni, injini imezima. Tairi la nyuma lilikuwa limemkalia mumewe paja na nyonga.

"Usipige kelele," akasema Thongsuk, uso umekuwa kama majivu. "Mpigie kaka yako kwanza."

Akampigia Bunthan. Bunthan alikuwa na vibarua shamba la chini kabisa. Akasema wanakuja na magogo ya kunyanyulia, ila njia ni ya miguu na ni mlima mtupu. Prayong akashika jembe ili afukue ardhi chini ya mguu. Jembe likagonga mwamba. Akapiga pengine, mwamba.

"Acha, utanikata na mguu uliobaki," akasema Thongsuk. "Panda juu. Kanyaga klachi, tia gia ya kurudi nyuma, uwashe. Likirudi hatua moja zima hapo hapo, gia italishika. Likizidi, tairi la mbele litanimalizia."

Akapanda. Gia ikaingia. Akazungusha ufunguo.

Tak.

"Washa taa," akasema Thongsuk. "Zinawaka vizuri?"

"Vizuri."

"Zungusha ufunguo huku unaziangalia."

Tak. "Zimefifia, Baba Noi," akasema, akimwita kwa jina la binti yao. "Karibu zizime."

"Basi betri ina moto, ila moto haupiti. Fungua boneti. Angalia vichwa vya betri."

Vichwa vilikuwa na unga mweupe. Prayong akavifungua, akavikwangua kwa mundu, cha waya mwekundu kisha cha waya mweusi, mpaka vikang'aa, akavikaza. Akarudi kwenye kiti. Tak. Akaokota jiwe, akaigonga stata kama alivyoambiwa, polepole kisha kwa hasira. Tak.

"Mke wangu fundi kumbe," akasema Thongsuk. "Ningejua ningekuoa mapema."

"Ulinioa kwa sababu mama yako alikosa mwingine wa kumdanganya."

"Kweli kabisa." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nipe bisibisi. Stata naifikia nikiwa hapa hapa."

"Bisibisi ndiyo iliyokulaza hapo!"

"Basi ndiyo itakayoniamsha. Nipe, mwanamke, tusipoteze muda."

Akampa, akapanda tena, mguu kwenye klachi. Thongsuk akanyoosha mkono chini ya injini. Cheche kidogo zikaruka, stata ikakoroma mara moja na kufa. Akajaribu tena. Bisibisi ikamponyoka, na mkono ukabaki umelala kwenye nyasi.

"Sisikii mguu," akasema.

"Usilale! Baba Noi, nakwambia usilale! Niambie kinachofuata."

"Waya mweusi." Midomo ilikuwa imekauka. "Ufuate..."

"Mweusi nimeshaukwangua."

"Ufuate..."

Hakuendelea. Prayong akarudi kwenye betri, akaukwangua waya mweusi pale pale alipoukwangua mwanzo, akaukaza mpaka ngozi ya vidole ikachunika. Akazungusha ufunguo. Tak. Akalitukana trekta matusi ambayo hakuwahi kuyatoa mdomoni, akaliomba msamaha, akalia, akazungusha tena. Jua lilishapanda juu ya mahindi walipofika Bunthan na wenzake na magogo yao.

Walimtoa akiwa hai. Kabla hawajafika barabarani alikuwa ameshakata roho. Nesi wa zahanati hakumficha mjane: nyama ikigandamizwa muda mrefu hivyo, hata ukiitoa mtu humpati. Angetolewa mapema, labda.

Wakauchoma mwili wa Thongsuk hekaluni, kama ilivyo desturi. Binti yao Noi alikuja kutoka Bangkok, akalia, akarudi kazini. Prayong hakulia wala hakula. Wali wa kunata ulikauka kikapuni mbele yake. Mama mkwe wake, bibi Chan, akamtazama, akatikisa kichwa.

"Roho ya huyu imebaki kule mlimani," akasema. "Nimepoteza mmoja, sitaki kupoteza wawili. Nileteeni wavu wa samaki."

Wakapanda na Prayong, Bunthan na wenzake, bibi Chan mbele na wavu wake wa mkono, yai la kuchemsha, tonge la wali na blauzi ya Prayong. Akauzungusha wavu hewani kuzunguka trekta lile, akichota. "Njoo, roho ya Prayong, njoo. Usikae na mawe, usikae na kisiki. Twende nyumbani, wali upo, moto upo." Alipomaliza akafunika wavu kwa blauzi, roho isitoroke.

Bunthan akapanda trekta alirudishe nyumbani kabla ya mvua. Akatoa gia, akazungusha ufunguo. Tak. Wanaume wakarudi nyuma.

"Mwenyewe hataki liondoke," mmoja akanong'ona.

"Hebu acheni upuuzi," akasema Prayong. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo.

Akafungua boneti. Akaweka kidole kwenye waya mweusi, pale pale palipokwanguliwa, na safari hii akaufuata. Ulipita kando ya betri, ukashuka nyuma ya bomba, ukazama kwenye tope chini ya ngazi ya kupandia, ukaishia kwenye nati iliyoufunga kwenye chuma cha trekta. Akaipangusa nati. Ikazunguka kwa vidole viwili. Ilikuwa imelegea siku nyingi. Kishindo cha kisiki kiliimalizia tu. Akaikaza kwa spana, akamwambia kaka yake awashe.

Injini ikawaka mara moja. Wanaume wakapiga makofi. "Mama Noi fundi!"

Prayong akapiga magoti kwenye mwamba, akapiga yowe. "Nati! Nati tu! Aliniambia niufuate, jamani, aliniambia!" Hapo ndipo alipolia, na hakuna aliyejua pa kumshika. Bibi Chan akamwinua, akamvuta mkono, mkono wa pili ukiwa na wavu.

Mlangoni wanawake waliobaki walikuwa wanangoja. Wakauliza kama desturi: "Roho ya Prayong imekuja?"

"Imekuja!" wakaitikia waliotoka mlimani.

Prayong, aliyepaswa kuitikia naye, akageukia trekta. Bibi Chan akamfinya. Wakauliza tena. Uani trekta lilikuwa bado linanguruma, Bunthan akiogopa kulizima.

"Haijaja," akasema Prayong.

Bibi Chan akaketi kwenye ngazi, wavu mapajani.

"Basi kesho tutarudi," akasema.