Hatua ya Pili

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Nachingwea ilikuwa na mawingu mepesi na upepo mkavu wa Juni. Kulthumu alikuwa mezani kwake. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini tangu amalize eda. Mbele yake ulikuwepo mwongozo wa watumiaji aliouandika mwenyewe mwaka uliopita, na alitakiwa kuurekebisha kabla ya mnada wa ufuta wa Alhamisi.

Mwongozo ulieleza mfumo unaounganisha mizani ya vyama vya msingi vijijini na kompyuta ya ghala kuu. Karani anapima mzigo, anaandika jina la mkulima, anabonyeza "Tuma". Ghala linapata taarifa, na mkulima anapata ujumbe kwenye simu yake.

Edwin, mkuu wa kitengo, alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakuingia.

"Dada Kulthumu, pole tena."

"Ahsante."

"Ni ile sura ya nne. Hatua ya pili." Aliitazama chai yake. "Lile jina la mfano."

Hatua ya pili ilimtaka karani ajaribu mtandao kila asubuhi kwa kutuma taarifa za mfano. Toleo la zamani la mfumo lilizifuta lenyewe. Toleo jipya, lililoingia pamoja na msimu wa ufuta, halikufuta kitu. Hivyo kila asubuhi, kutoka Chinongwe, Nandagala na kwingineko, mkulima yuleyule alionekana ameleta kilo mia moja za ufuta. Ghala lilikuwa linahesabu magunia yasiyokuwepo.

Mkulima huyo aliitwa Lukumani Harithi, wa Kilimarondo. Alikuwa mume wa Kulthumu. Siku mwongozo ulipokuwa unaandaliwa alikuja kumchukua mkewe ofisini, akaketi kando akimngoja. Kulthumu akaazima jina lake na namba yake ya simu ili picha ya skrini isibaki tupu. Walicheka. Mwezi wa pili mwaka huu Lukumani alifariki, baada ya homa isiyomaliza wiki.

Namba ilikuwa ya kweli. Simu yenyewe sasa ilikaa kwenye mkoba wa Kulthumu, imejaa chaji. Tangu msimu ufunguliwe, ililia kila asubuhi: "Ndugu Lukumani Harithi, ufuta wako umepokelewa." Aliisikia akiwa ndani kwenye eda, wanawake wa ukweni wakitwanga nje. Hakulia, wala hakumwambia mtu. Kosa aliligundua kwa ujumbe wa kwanza tu, maana hatua ile aliiandika yeye. Alijua pia kwamba siku atakapoirekebisha, simu itanyamaza.

"Toleo jipya linajaribu mtandao lenyewe," Edwin aliendelea. "Taa ya kijani ikiwaka, basi. Hatua nzima iondoke. Kama ni ngumu, nitampa Valentina hapo meza ya pili."

"Si ngumu."

Kweli haikuwa ngumu. Alifuta maelezo, akaandika: "Subiri taa ya kijani iwake." Picha yenye jina la Lukumani akaiacha mahali pake. Alijiambia kuwa ni picha tu. Edwin aliiona, akameza chai, akachapisha.

Mchana yeye na Edwin walikuwa Nandagala, kwa sababu makarani wa huko hufanya kazi kwa karatasi iliyobandikwa ukutani, na karatasi haibadiliki mpaka mtu aje kuibadilisha. Karani aliitwa Bakary. Alikuwa mtani wa ukoo wa Lukumani. Siku ya mazishi aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Kumbe wamekufungulia? Yule jogoo mliyenipa alikuwa mzee kuliko marehemu."

"Ulimpika vibaya," Kulthumu alijibu.

Wakulima waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Edwin akakohoa, akabandika ukurasa mpya.

"Haya, kaka Bakary, fuata kama ilivyo."

Bakary aliweka kidole kwenye karatasi. Taa ya kijani ikawaka. Akaitazama picha, kisha akaanza kuandika, herufi moja baada ya nyingine.

"Unafanya nini sasa?" Edwin aliuliza.

"Nafuata picha, mkuu. Hapa pana jina, naandika jina."

"Maneno yanasema usubiri tu!"

"Maneno ni yenu huko ofisini. Sisi huku tunakwenda na picha." Akabonyeza "Tuma".

Simu ikalia ndani ya mkoba.

"Pokea, shemeji," Bakary alisema. "Mumeo anaulizia stakabadhi yake."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bakary alimtazama Kulthumu usoni, hakuona tabasamu, akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Huwa inalia hivyo kila siku?"

"Kila asubuhi. Wewe unaanza, Chinongwe wanafuata."

"Na hukusema?"

"Sikusema."

Bakary alishusha sauti. "Mimi ningemtuma hata mara mbili kwa siku, shemeji. Lakini Alhamisi wanunuzi watakuja kuyatafuta magunia yake."

"Najua."

Kulthumu aliketi juu ya gunia, akafungua kompyuta yake, akaenda sura ya nne. Aliigusa picha, akaifuta. Akaifuta na namba ya hatua iliyobaki bila kazi, na sentensi ya taa akaiunganisha na hatua ya kwanza. Ukurasa ukajipanga wenyewe: hatua ya tatu ikawa ya pili, ya nne ikawa ya tatu. Hapakubaki pengo. Alisubiri ahisi kitu. Alihisi nyuzi za gunia zikimchoma mapajani.

"Haya," alisema. "Chapisheni hii."

Edwin alikwenda Ruangwa mjini kuchapisha, akapeleka nakala Chinongwe na kwingineko kabla ya jua kuzama. Valentina alipigiwa simu, akazifuta kilo zote za Lukumani kwenye orodha ya ghala. Bakary alibandua karatasi, akapima ufuta wa bibi aliyekuwa mbele kwenye foleni. Kulthumu alirudi Nachingwea, akaandika kwenye ukurasa wa mabadiliko, "Sura ya nne: hatua ya pili imeondolewa," akaanza sura ya tano.