Moshi wa Kivukoni

Siku waliyokuja kuichoma nyumba ya mjomba wangu Stanslaus, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti chake, miguu nimeinyoosha, nasubiri wanitoe. Asubuhi ilikuwa nyeupe, haina upepo. Chini yetu mto Katuma ulikuwa umepungua kwa kiangazi, maji yamebaki mazito, rangi ya chai ya maziwa, na kwenye mchanga katikati ya kivuko alilala mamba, mdomo wazi, tangu jua lilipotoka. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Zablon, alitangulia mbele ya watu na kidumu cha mafuta ya taa. Amosi, fundi wa kuezeka, alikuwa nyuma yake, hataki kuniangalia usoni. Nikamwambia Mwenyekiti kwamba kama ana haraka anaweza kuanza na mimi, maana nami ni mkavu vilevile.

Hakucheka. Zablon akitaka kufanya jambo analolionea aibu huwa anaongea kwa upole, na siku hiyo alikuwa mpole kupita kiasi.

"Dada Specioza," alisema, "nyumba si mtu. Mtu tulishamzika."

Kweli tulishamzika, tena kwenye mvua iliyojaza kaburi maji kabla hatujamshusha. Lakini wapo watu ambao kuwazika hakumalizi kitu, na mjomba alikuwa mmoja wao.

Alikuwa kaka wa mama yangu. Nilipokuwa mdogo aliishi kijijini kama watu wote, ana mke, ana kuku, ana utani mwingi. Mkewe aliitwa Helena. Mchana mmoja Helena alishuka kivukoni kuchota maji, na kilichoonekana baadaye ni ndoo tu, inaelea wima, imejaa nusu. Mjomba akaenda kukaa ukingoni. Tulidhani anasubiri mwili. Tulimpelekea chakula, tukamwimbia, padri akaja akaongea naye, akamsikiliza padri mpaka mwisho akamshukuru. Kisha akakata miti, akasimamisha kibanda pale juu ya ukingo, mlango ukielekea majini, na kijijini hakurudi tena.

Kila asubuhi alikaa kwenye kizingiti akayatazama maji mpaka ayaridhie. Sijui aliona nini. Akiridhika, aliweka majani mabichi juu ya makaa, na moshi mweupe ulipanda juu ya miti ukasimama. Hapo watu walivuka: sisi kwenda kwenye mashamba yetu ya ng'ambo, na Wasukuma waliohamia ng'ambo na ng'ombe wao kuja kwetu kwenye mashine ya kusaga na zahanati. Moshi usipoonekana, watu walikaa chini wakasubiri, hata wakiwa na mgonjwa. Daraja liko mbali, anayezungukia huko anapoteza siku nzima. Hakuna kikao kilichopitisha utaratibu huo. Ilitokea tu kwamba miaka yote aliyokaa pale, mto haukuchukua mtu mwingine.

Mimi naishi Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, nashona nguo. Nilikuwa nikimpelekea chumvi na unga. Akiwa na hali nzuri aliitikia shikamoo yangu. Akiwa hana, alinionyesha mto kwa kidevu, kana kwamba nami nimekuja kuvuka. Mara nyingine nilimkuta anaongea taratibu, sauti ile ya mume anayeongea na mkewe baada ya kula, na akisikia miguu yangu ananyamaza. Nilimpenda, na alinikera kweli. Nilimwambia mara nyingi kwamba mtu mzima hakai na mto kama amefunga nao ndoa.

Kifo chake kilijulikana kwa watu wa ng'ambo kwanza, kwa sababu moshi haukupanda. Kabula, mke wa mfugaji mmoja anayeitwa Kija, ndiye aliyenipigia simu. Tulimkuta mjomba amekaa pale pale kwenye kizingiti, macho yamefunguka kuelekea majini. Kuyafumba ilikuwa kazi.

Kwetu, nyumba ya mtu aliyeishi peke yake huachwa ianguke yenyewe. Nikakataa. Mjomba hakuacha mtoto, hakuacha hata picha moja. Kile kibanda ndicho pekee nilichoweza kukitazama nikasema alikuwepo. Nikamsumbua Zablon mpaka akachoka, akaniruhusu nikitunze. Amosi akakubali kukiezeka upya, ila akanipa sharti ambalo kila mtu huku analijua: nyasi zinataka moshi. Nyumba isiyowashwa moto huliwa na mchwa, na paa halimalizi masika. Kwa hiyo kila alipopita kwenda kwenye mizinga yake ya nyuki, Amosi aliingia, akawasha kuni, akaondoka. Aliwaza paa. Hakuyatazama maji, wala hakuna aliyemwambia ayatazame. Wote tulijua mzee amekufa. Nani tena angefuata moshi wake?

Kija aliufuata. Aliona moshi juu ya miti akaingiza ng'ombe mtoni, na ndama wake akavutwa chini mbele ya macho yake. Yeye mwenyewe alitoka na paja lililochanika.

Ndipo Zablon aliponikalisha akaniambia jambo ambalo hata mimi, na mdomo wangu huu, sikuweza kulibishia. Bila moto kibanda kinaliwa. Kikiwashwa moto, watu wataliwa. Akaniomba nimwache mjomba apumzike. Nikamjibu kwamba nitafikiri, na maana yangu ilikuwa sitaki.

Amosi akaacha kuwasha. Nilikuwa nakwenda kila nipatapo nafasi, nikitegemea kukuta njia za udongo za mchwa zimepanda kutani. Sikuzikuta. Nyasi kwa ndani zilikuwa nyeusi, zina masizi mabichi yanayopaka vidole, lakini majivu ya jikoni yalikuwa baridi na buibui alikuwa ametanda kati ya mafiga. Nikampigia Amosi nikamtukana kwamba anawasha kwa siri. Akaapa kwa mama yake mzazi. Nikamwambia ni mwongo mkubwa. Nilitaka sana awe yeye.

Wengine nao waliona moshi, kidogo kidogo, mara asubuhi, mara adhuhuri. Hofu ikaingia kijijini. Safari ya pili isingekuwa ndama, walisema. Na ndivyo tulivyofika ile siku, mimi kwenye kizingiti na Mwenyekiti na kidumu chake.

Nikamwambia achome tu, lakini kwanza atazame ng'ambo. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa kule na ndoo zao za mahindi, wanamsubiri mamba aondoke mchangani. Kabula alikuwa mbele yao, mtoto mgongoni.

"Hii ikiwaka, moshi wake utaonekana mpaka wapi?" nikamuuliza. "Na wale watafanyaje?"

Zablon aliwatazama wale wanawake, akamtazama mamba, akakifunga kidumu. Lakini sikushinda. Akaagiza ibomolewe kwa mikono. Vijana wawili wakaninyanyua kutoka kizingitini kama gunia, wakanishusha pembeni bila ubaya wowote. Nililia kwa hasira. Sioni aibu kusema hivyo, ningekuwa na panga ningefanya ujinga.

Amosi akapanda. Alianza kufungua nyasi za juu kabisa, mganda mmoja mmoja, kwa uangalifu uleule aliozifungia, na kila mganda uliotua chini niliusikia kifuani. Kisha akaacha. Alikuwa ameinamia tundu alilolifungua, akageuza uso pembeni, akakohoa. Alishuka haraka hadi ngozi ya viganja ikabaki kwenye nguzo.

Moshi ulitoka pale alipotoka yeye. Mweupe, mnene, hauna haraka. Ulipanda mpaka juu ya miti ukasimama.

Zablon, nampa heshima yake, aliingia ndani peke yake. Akatoka akatuonyesha kiganja kilichojaa majivu. Alikuwa ameuzamisha mkono wote jikoni.

"Baridi," alisema.

Hapo mtu mmoja akasema mamba hayupo. Mchanga ulikuwa mtupu, umebaki na mchirizi wa tumbo lake, na maji yamejifunga kama hakuna kilichopita. Na Kabula alikuwa ameshashuka. Tulipiga kelele wote, vijana wakarusha mawe, mimi nikaita jina lake mpaka sauti ikakatika. Yeye aliangalia juu ya vichwa vyetu, akaweka ndoo yake sawa, akaendelea. Maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni. Mtoto alikuwa amelala, shavu limebanwa mgongoni kwa mama yake, na miguu yake ilikuwa inagusa maji. Mbele ya Kabula, karibu kabisa, mto ulifanya mkunjo mmoja mrefu. Mkunjo ukasita. Kisha ukageuka polepole ukaelekea chini, mbali naye, kama ng'ombe anayeswagwa.

Kabula akapanda ukingo, akashusha ndoo, akatushangaa.

"Mnapiga kelele za nini? Si mzee amesema tupite."

Zablon alimkumbusha kwa upole wake kwamba mzee amekufa, na kwamba yeye mwenyewe Kabula alikuja msibani.

"Najua. Nililia sana," Kabula alisema. "Lakini moshi wa Amosi unalala. Wa mzee unasimama. Siku ile ya ndama nilimwambia Kija huu si wenyewe, hakunisikia."

Kisha akawageukia wenzake wa ng'ambo akawapungia kanga, nao wakaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewazuia. Tulisimama tukawahesabu kwa macho mpaka wa mwisho akakanyaga udongo wetu.

Zablon aliokota mganda wa nyasi akampa Amosi. Akamwambia apandishe yote kama ilivyokuwa, na kuanzia siku hiyo mtu yeyote asije akawasha moto pale, awe fundi, awe ndugu. Amosi alipanda, akawa anaezeka katikati ya ule moshi bila kuuliza.

Nikaomba niingie peke yangu.

Ndani hewa ilikuwa safi. Niliona mkeka wake, kopo la chumvi niliyomletea mimi, nguzo zote mpaka ncha. Nilipotazama juu, kwenye tundu ambalo Amosi alikuwa bado hajaliziba, nikaona moshi unaanzia nje, juu ya nyasi, pasipo na kitu. Nikasema shikamoo, mjomba. Halafu nikasema nilichokuwa sijawahi kumwambia mtu. Nilimwambia kwamba siku ya harusi yangu nilimwekea kiti, nikakataza mtu kukikalia, na kikabaki kitupu mpaka watu wakaondoka. Nilimwambia iliniuma. Nilimwambia nilidhani ametuchoka, kumbe alikuwa na kazi.

Nilipogeuka kutoka, nikakitazama kizingiti. Upande niliokuwa nimekaa tangu asubuhi udongo ulikuwa mkavu, una vumbi. Upande wa pili, bega kwa bega na pale nilipokuwa, palikuwa na alama ya mtu aliyekaa na nguo mbichi, na maji yalikuwa bado yanatiririka taratibu kuelekea mtoni. Nikaivuka ile alama kwa adabu, nimeinua sketi yangu nisiiguse.

Nje, Zablon aliniona uso akaniuliza nalia nini tena, na nyumba nimeshaachiwa.

Nikamwambia ni moshi. Akaitikia kwa kichwa, ingawa alikuwa ametoka mle ndani muda si mrefu na alijua hamna.