Abiria wa Siku ya Kumi na Tisa

Siku ya kumi na tisa ya mvua, saa moja na nusu asubuhi, dereva wa bajaji aliyeitwa Makoti alikuwa kijiweni akifuta kioo cha mbele kwa soksi. Alivaa makoti mawili, moja kama kawaida na jingine kinyumenyume, vifungo mgongoni, maana upepo wa bajaji hauna adabu: unaingilia kifuani na kutokea kwenye figo. Miguuni alijifunga mifuko ya plastiki. Turubai la kushoto lilikuwa limechanika, na hapo ndipo jua lilipoingilia.

Lilikuwa kadiri ya embe kubwa, limepauka, linatetemeka. Likakaa kwenye kona ya kiti cha nyuma.

"Wapi?" Makoti aliuliza.

Likajisogeza mbali na mvua. Makoti alishawahi kubeba abiria wa namna hiyo, wanaopanda kujikinga mvua tu, na hakuwa mtu wa kumshusha mwenzake kwenye baridi. Akawasha injini, wakaondoka.

Ilipofika saa nne, nje watu walikuwa wakitembea wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Ndani ya bajaji, mwalimu mmoja wa hesabu alipanda amelowa chepechepe akashuka mkavu, shati limenyooka kama lililopigwa pasi. Fundi cherehani, mama mwenye mwili mkubwa, aliliambia jua, "Sogea kidogo, mwenzangu." Halikusogea. Akapakata mkoba wake, akavua sweta.

"Hili ni lako?"

"Abiria," alisema Makoti.

"Haya." Wakaendelea kuyasema mashimo ya barabara.

Mchana Makoti alipigiwa simu na mdogo wake. Alikuwa amejifungua siku nne nyuma, miezi haijatimia: mtoto wa kike, kilo moja na robo. Bado walikuwa wodi ya wazazi.

"Kaka, niletee blanketi. Hili limelowa."

Makoti alilipeleka, jua bado likiwa kiti cha nyuma. Wodi ile ilikuwa na madirisha sita na haikuwa na kioo hata kimoja. Mahali pa vioo palizibwa kwa maboksi, na maboksi yalikuwa yamenyonya maji mpaka yakalegea. Wazazi walilala wameyapa madirisha migongo, watoto vifuani. Mpwa wake Makoti hakuwa analia, na hilo ndilo lililomtia hofu. Alimgusa unyayo. Ulikuwa baridi kama kijiko.

"Hajanyonya tangu alfajiri," alisema mdogo wake taratibu, kama anayeogopa kuyasikia maneno yake mwenyewe.

"Twende nje."

"Kwenye mvua?"

"Kwenye bajaji."

Mkunga wa zamu aliwafuata na mwavuli. Alimpima mtoto joto palepale kwenye kiti cha nyuma, akasubiri, akampima tena. Kisha akarudi wodini akatangaza, "Wenye watoto njiti, twendeni kwa zamu. Mnaingia watatu, na msilibane jua."

Saa tisa kasoro robo mtoto alianza kunyonya. Makoti, aliyekaa mbele akijifanya anakagua breki, aliisikia ile sauti ndogo ya kumeza. Akaendelea kuikagua breki nzima kwa muda mrefu, kichwa kakiinamisha.

Siku ya tatu ya zamu hizo alikuja mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, mtu mchangamfu sana. Vioo vya wodi vilifika mwezi uliopita, naye akavipeleka ukumbi wa wageni, kwa sababu wageni hupita ukumbini na hawafiki wodini. Alichungulia ndani ya bajaji, akaona vikofia vitatu vya sufu na jua.

"Linakula nini?"

"Halili," alisema Makoti.

"Safi. Wafanyakazi wangu wote wanakula."

"Na vile vioo, mkubwa?" mkunga aliuliza.

"Vioo vya nini tena, dada, na tatizo limekwisha?" Akatoa kalamu, akaongeza kwenye orodha ya zamu: Makoti, asubuhi na jioni; jua, kutwa.

Mtoto alifikisha kilo mbili baada ya wiki tano, akaruhusiwa. Makoti aliwafikisha nyumbani mama na mwana polepole, akikwepa hata mashimo yasiyokuwapo. Alasiri hiyo mawingu yakafunguka. Jua lilitoka palepale kwenye turubai lililochanika, limeshiba rangi, halikuaga, likapanda juu kuendelea na kazi zake.

Wiki iliyofuata mvua ilirudi. Mkunga akapiga simu.

"Kaka Makoti, upo zamu."

"Jua halipo, dada."

"Najua. Injini ya bajaji si iko chini ya kiti cha nyuma?"

"Ipo."

"Inapata moto?"

"Inapata."

"Basi njoo. Leo wako wanne."

Makoti alikwenda, akaegesha mlangoni pa wodi na kuiacha injini ikinguruma. Upande wa pili wa ua, ndani ya ukumbi wa wageni, mganga mfawidhi alikuwa akiwaonyesha wageni mvua. Alimwona Makoti, akampungia mkono kutoka nyuma ya kioo kilichofutwa vizuri sana.