Ploti za Rwamba

Thuranira alikuwa katikati ya kujisifu Karambu alipoingia studio.

"Nimetoa takataka yote, Mama Amino. Sasa hii mashine itakimbia kama mbuzi wa Kangeta aliyeshiba miraa."

"Ikimbie," akajibu Shurie, mwenye studio, "lakini isikimbie na mali ya watu."

Takataka yenyewe ilikuwa programu ya zamani ya kugawa nafasi kwenye diski ya video. Iliandikwa na Rwamba, fundi wa kwanza wa studio, kabla hajarudi kwao Embu kufundisha. Rwamba alikuwa na akili ya mpima mashamba. Alikata diski yote kuwa ploti ndogo ndogo. Video ikija, anaipa ploti moja hapa, nyingine kule nyuma, ya tatu popote palipo wazi, na programu inakumbuka ipi inafuata ipi. Thuranira alipoajiriwa akaleta mtindo wake: video moja, kipande kimoja kirefu, maneno yameisha. Mteja akiitisha video ya zamani, inahamishwa kwenda mtindo mpya siku hiyo hiyo. Programu ya Rwamba ikabaki kazi yake ni kuchelewesha mashine kila asubuhi.

Hata hivyo hakuifuta ovyo. Kijana ni mwerevu, na ni huo werevu uliomponza. Kwanza aliizima Desemba yote, akangoja aone nani atalia. Desemba! Mwezi ambao Meru nzima iko harusini, vijana wanatolewa jandoni, na kila mama anataka video ya juzi, ajione na kitenge kipya. Hakuna aliyelia. Thuranira akaamini video za zamani zote zimehama, akafuta mistari yote ya programu ya Rwamba, na asubuhi hii akaanza kupakia harusi moja ya Kangeta, ndefu kuliko Kwaresima.

Sasa ni Januari, watu wamerudi kwa mashamba yao na kwa kesi zao. Karambu alikuwa ametoka Mitunguu, vumbi jekundu limempanda hadi kwenye vifundo.

"Mama Amino, habari ya kazi. Nimekuja kuchukua ile video ya baba. Ile ulimpiga kwa migomba, akigawa shamba. Wazee wa ukoo wanakaa kesho."

"Si tuliwapatia CD?"

"Marete ndiye alichukua. Sasa anasema imepotea. Huyo ndugu yangu hupoteza tu zile vitu ziko na jina langu."

Shurie alikumbuka. Mzee M'Mwirigi, baba yake Karambu, akijua kifo kiko karibu, aliita kamera ili aseme mwenyewe: shamba la chini, lile la ndizi kando ya bomba la maji, abaki nalo Karambu, aliyerudi kutoka ndoa mbaya akamwuguza. Hakuandika popote. Mzee aliamini mdomo wake kuliko karatasi ya mtu yeyote. Na Marete sasa alikuwa akisema msichana shamba lake liko kule alikoolewa. Bila ile video, Karambu angefunga virago.

Thuranira akaandika jina la mzee kwenye mashine. Hakuna. Akaandika Mitunguu. Hakuna.

"Ilipigwa wakati wa nani?" akauliza.

"Wa Rwamba," Shurie akasema.

Utani ukamtoka Thuranira usoni. Programu mpya haikujua ploti za Rwamba. Kwake hapo palikuwa msitu usio na mwenyewe, na harusi ya Kangeta ilikuwa inahamia humo na sufuria zake zote. Akarukia waya wa stima akaung'oa ukutani.

"Wewe! Hiyo ni harusi ya watu!"

"Inakula, Mama Amino! Inamkula mzee!"

Akampigia Rwamba simu.

"Umefuta nini?" Rwamba akauliza.

"Mistari yako."

"Yote?"

"Yote."

"Hata mke wangu aliponiacha alinipa notisi." Rwamba akapumua. "Sikia. Rudisha programu kutoka kwa ile kopi nilikuachia, na usiandike kitu kingine kwa hiyo diski. Ramani ya ploti iko mwanzo kabisa. Ikiwa haijaguswa, utamwona mzee. Lakini ploti zenye zimekaliwa, hizo sahau."

Karambu akakaa kwenye stuli ya maharusi, nyuma yake pazia lililochorwa maporomoko ya maji, mkoba magotini.

Hatimaye mzee akatokea kwenye skrini. Koti, kofia, kiti cha mbao, migomba nyuma. Akasalimu. Akaomba, akimtaja kila mtoto kwa jina. Halafu akaitazama kamera: "Huyu msichana anashika hicho kitu kama bunduki. Mama, usinifyatue kabla sijamaliza."

Karambu akacheka, machozi yanamtoka. "Endelea, baba."

Mzee akainua fimbo. "Sasa. Shamba la chini, hapo kwa bomba ya maji, litakuwa la..."

Wasichana wa harusi ya Kangeta wakaingia, magauni ya zambarau, viuno vinafanya kazi. Wakacheza. Wakazunguka wakacheza tena. Kisha mzee akarudi: "...na asiyetaka hivyo, asinililie kaburini."

"Toa hao wasichana," Karambu akasema.

"Mama, hawajamfunika. Wamekaa mahali pake. Yeye hayuko tena."

"Waambie watoke. Kijana yangu, naomba. Si wewe uliwaingiza?"

Thuranira akajaribu. Akajaribu tena na tena, hadi wauzaji wa soko la Gakoromone chini ya dirisha walipoanza kufunika viazi vyao kwa turubai. Kila mara mzee aliinua fimbo, na kila mara wasichana waliingia.

Shurie akafunga mlango. "Karambu, sikiza. Kwa maombi amekutaja. Huyu anaweza kukata hilo jina alipachike hapo. Hakuna mtu atajua."

"Ni kazi kidogo tu," Thuranira akasema, akiangalia sakafu.

Karambu akaishika mikanda ya mkoba hadi vidole vikabadilika rangi. Alilitaka hilo jambo.

"Hapana," akasema. "Itakuwa sauti yake, na si yeye amesema. Mimi siwezi kumwekea baba maneno mdomoni. Lakini wewe kesho utakuja uwaambie wazee ni nini ilimkula."

Kesho yake wazee wakakaa kwenye viti vya plastiki uani kwa Marete, kompyuta juu ya kreti ya ndizi. Kwa utani wa bunduki wakacheka. Wasichana walipoingia, Marete akaruka.

"Mmeona? Shimo limetokea wapi? Hapo hapo tu! Na studio ni ya rafiki yake! Baba alitaja jina langu, wakalikata!"

Thuranira akaeleza ploti, ramani, na harusi. Mzee mmoja akamsikiliza hadi mwisho.

"Kijana, kabla ya kufuta mipaka, ulienda kuona kama kuna mtu anaishi huko?"

"Niliizima, nikangoja mtu alie."

"Ulingoja lini?"

"Desemba."

Wazee wakaangaliana. "Desemba hakuna kesi hapa," akasema yule mzee. "Ungengoja mwezi ambao watu hulia."

Wakaenda kando kushauriana, wakarudi upesi mno.

"Tunaamini ulikosea," wakamwambia Thuranira. Kisha wakamgeukia Karambu. "Lakini hatuwezi kugawa shamba kwa densi. Bila neno la baba, linabaki kwa kijana wake. Vuna ndizi zilizokomaa, uwe umeondoka kabla ya mvua."

Karambu alishuka hadi shamba la chini, Thuranira akamfuata.

"Mama, naomba..."

"Usiniombe kitu. Shika hilo jembe." Akamwonyesha machipukizi ya migomba. "Toa hayo. Polepole. Ukikata mizizi utakuwa umenimaliza kabisa."

Thuranira akaweka jembe chini, akapiga magoti na kuchimba kwa mikono.

"Utayapanda wapi, mama?"

"Chimba tu," akasema Karambu.